Muhogo wangu hauozi na mtafiti anataka vipando vyake, haki ni ya nani?

"Assalaam alaykum Dakta. Mimi ni mkulima, shamba letu lipo Wete, Pemba. Miaka minne nyuma muhogo wangu wote uliozea chini, ukiuchimba ukiukata ndani una madoa ya kahawia, hata kulisha mbuzi haufai. Likabaki shina moja pembeni karibu na mkarafuu, nikalichimba nikakuta mizizi saba na yote mieupe. Nikakata vipando vyake nikavipanda mbali na mengine, na mpaka leo hauozi. Majirani nimewapa, na mwaka jana niliuza mizigo kama kumi hivi. Sasa kaja kijana anasema yupo kwenye mradi wa utafiti, anataka vipando vitano na majani wapime vinasaba, na ana karatasi ya kizungu nisaini. Mume wangu hataki, anasema watatoa jeni ya muhogo wangu waipatenti huko nje kisha tukatazwe kupanda wenyewe, na amesikia mkulima wa Kanada alishitakiwa kwa chavua ilokuja na upepo tu. Mwanangu yeye anasema niwahi niipatenti mimi kwanza. Kijana atarudi baada ya wiki mbili. Nifanye nini?"

Waalaykum salaam dada yangu. Suali lako nimelisoma mara tatu, mana mna masuali manne ndani yake yamefungwa pamoja kama mzigo wa vipando, na nikilijibu moja bila ya jengine ntakupoteza. Unauliza kama watu wanaweza kuipatenti jeni ya muhogo wako, unauliza kama utakatazwa kupanda, unauliza kama wewe unaweza kuwahi, na la nne hukuliandika lakini nimeliona, unauliza kama kijana huyu ni wa kumuamini. Nianze na lile linalowanyima usingizi nyumbani: shamba lako hakuna atakaekuja kukukataza kupanda muhogo ulioupanda miaka yote hii. Hilo liwekeni pembeni. Lakini karatasi usiisaini kama ilivyo, na hiyo patenti mwanao anayoisema sio mlango wako, mlango wako upo lakini ni mwengine, ntakuonesha.

Patenti, kwa Kiswahili cha sheria hataza, ni ruhusa ya serikali ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala wasiuze uvumbuzi wako kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ulopeleka maombi. Kubadilishana ndo msingi wake: wewe unaandika wazi kitu chako kinafanyaje kazi ili mwengine akisome, na serikali inakupa huo muda wa kukimiliki peke yako. Ili uipate kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya kibunifu ambayo fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeifikia kirahisi, na kiwe na matumizi. Na patenti ni ya nchi kwa nchi, ilotolewa Marekani haifiki Wete, mtu akitaka izuie hapa lazima aje aombe inayotambulika hapa. Kwetu Zanzibar mambo haya sio ya Muungano, tuna Sheria ya Haki za Ubunifu wa Viwanda ya 2008 na usajili uko BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali, Bara wana BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara, na sheria yao. Watu wengi wanachanganya hapa wanakwenda Dar es Salaam bure.

Sasa je mmea unapatentiwa? Inategemea nchi, na hapa ndo maneno mengi ya mitaani yanapoharibika. Marekani mlango waliupanua sana mwaka 1980, mahakama yao ya juu iliposema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba bakteria alotengenezwa na mwanasayansi Chakrabarty ale mafuta yaliyomwagika anaweza kupatentiwa kwa sababu hayupo hivo katika maumbile, na mwaka 1985 ofisi yao ya patenti ikakubali mahindi pia. Mkataba wa biashara wa TRIPS lakini unaruhusu nchi kukataa patenti kwa mimea, ili mradi aina mpya za mbegu zilindwe kwa njia nyengine. Sheria ya patenti ya Bara kwa mfano inaziweka aina za mimea nje kabisa. Kwahiyo mtu akikwambia "dunia nzima mbegu zinapatentiwa", muulize nchi gani.

Nikueleze jeni inavyopatentiwa, mana ukilijua hili hofu itapungua na tahadhari itaongezeka, na nataka vyote viwili vitokee. Ndani ya kila seli ya muhogo wako mna maandishi marefu ya vinasaba. Sehemu fulani ya maandishi hayo, sehemu kama hiyo ndo inaitwa jeni, huenda ndo inayoufanya usioze. Mtafiti akichukua jani akayasoma yote, hajavumbua kitu, amesoma tu. Ili apate kitu cha kudai lazima aende mbali zaidi: auzalishe muhogo wako na mwengine unaooza, apande watoto wao mamia, aangalie upi unaoza upi hauozi, alinganishe na maandishi mpaka aikamate jeni yenyewe, hiyo kazi ni ya miaka. Alafu aitoe, aiunganishe na kipande kinachofanya kazi kama swichi ya kuiwasha na kipande cha kuonesha inapoishia, aipandikize kwenye mmea mwengine kwa kumtumia bakteria wa udongo anaeitwa Agrobakteriamu, au aihariri kwa CRISPR, chombo cha maabara kinachokata vinasaba kama mkasi, na mmea ule mpya usioze. Hapo ndo anaandika madai. Na madai yake yanasema "kipande hiki nilichokiunganisha hivi, na seli iliyowekewa kipande hiki, na mmea uliotoka kwenye seli hiyo". Muhogo wako uliopo nyuma ya nyumba haumo kwenye madai hayo, kwa sababu haukuwekewa kitu, ulizaliwa nao, na ulikuwepo kabla yake. Kitu kilichokuwepo kabla hakiwi kipya, na mtu hawezi kumshitaki wa mwanzo kwa kuendelea na chake.

Mahakama ya juu ya Marekani mwaka 2013, kwenye kesi ya kampuni ya Myriad, ilisema wazi kwamba kipande cha vinasaba cha asili hakiwi uvumbuzi kwa kule kukitoa tu kwenye mwili, lazima mkono wa mtu uwe umetengeneza kitu ambacho maumbile hayakukitengeneza. Kesi ilikuwa ya jeni za saratani za binaadamu lakini msingi ule ule unagusa mimea. Ulaya wao wanaruhusu jeni iliyotengwa ikiwa imeelezwa inafanya kazi gani, kwahiyo usidhani hukumu ya Marekani imefunga dunia nzima.

Mfano ulio karibu sana na wako ni wa mpunga. Kuna mpunga mwitu wa Afrika, ule wenye mizizi inayotambaa chini ya ardhi unaowasumbua wakulima wakipalilia. Mmea wake mmoja ulichukuliwa Mali, ukapelekwa India kisha Ufilipino, watu wakaona haushikwi na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Jeni yake ikapewa jina Xa21, na mwaka 1995 timu ya Pamela Ronald wa Chuo Kikuu cha California kule Davis ikaikamata, na chuo kikaiombea patenti. Wakulima wa Mali walikatazwa mpunga wao? Hapana. Walilipwa? Huyo mtafiti mwenyewe lilimgusa, akaanzisha na wenzake mfuko ili fedha za leseni zirudi kwa nchi ulikotoka mpunga kwa njia ya kusomesha wanafunzi. Lakini kampuni zilizoonesha nia hazikuifikisha mbegu sokoni, na mfuko haukupata kilichotarajiwa. Ndo nakwambia khatari yako wewe sio kunyang'anywa muhogo, khatari ni kwamba kitu chenye thamani kitatoka shambani kwako na jina lako lisiwepo popote na usiambiwe hata kilifikia wapi.

Kuna pale ambapo uonevu ulitokea kweli, nisikufiche. Mmarekani mmoja alinunua maharage ya njano Mexico mwaka 1994, akayapanda kwao akichagua rangi misimu michache, na 1999 akapewa patenti ya maharage ya njano ya rangi ile, akayaita Enola. Kisha akaanza kuwabana waliokuwa wakiingiza maharage ya njano Marekani kutoka Mexico, maharage ambayo wazee wa Mexico walikuwa wakiyala kabla yeye hajazaliwa, na wakulima wa kule wakapoteza soko. Kituo cha utafiti cha CIAT cha Kolombia kikaipinga patenti ile mwishoni mwa mwaka 2000, kikapeleka ushahidi wa maharage yaliyokuwemo kwenye benki yake ya mbegu, na patenti ikafutwa, lakini 2008, na mahakama ikathibitisha 2009. Haki ilipatikana, ila ilichukua karibu miaka tisa na soko halikusubiri. Tazama kilichowaokoa: mbegu ilikuwa imehifadhiwa na imeandikwa, tarehe ipo, mahali papo. Hilo likumbuke, ntalirudia nikifika kwenye karatasi yako.

Na mkulima wa Kanada. Mumeo kasikia kisa cha kweli lakini kimekatwa katikati. Anaitwa Percy Schmeiser, wa Bruno, Saskatchewan, alikuwa akilima kanola, mmea wa mbegu za mafuta. Mwaka 1997 alipiga dawa ya kuua magugu kandoni mwa barabara na nguzo za umeme, akaona kanola nyingi hazikufa. Mbegu zenye jeni ya kampuni ya Monsanto, inayoufanya mmea usife kwa dawa ile, zilikuwa zimeingia shambani kwake, namna gani zilivoingia hakuna alothibitisha. Mpaka hapo hana kosa. Lakini mbegu za eneo lile akazivuna, akaziweka, na 1998 akazipanda kama eka 1,000, na zilipopimwa ilikutwa kati ya asilimia 95 na 98 zina ile jeni. Mahakama ya juu ya Kanada mwaka 2004 ikasema, majaji 5 dhidi ya 4, amevunja patenti, kwa sababu alizichagua na kuzipanda akijua, au alitakiwa ajue. Na hakutakiwa kulipa kampuni hata senti moja, mana hakupata faida ya ziada kutokana na jeni ile. Mimi binafsi naona wale majaji wanne walikuwa na hoja nzito, mana kumiliki jeni na kumiliki mmea mzima mahakama iliviweka karibu sana. Ila kusema "alishitakiwa kwa upepo" sio ilivokuwa.

Kwenye muhogo upepo wenyewe hauna nguvu hiyo. Mahindi na kanola unapanda mbegu, na mbegu ni mtoto wa baba na mama, kwahiyo chavua ya jirani inaingia kwenye mbegu utakayopanda mwakani. Muhogo unapanda pingili, ndo hivyo vipando. Pingili ni kiungo cha mama yule yule, sio mtoto. Chavua ikitua kwenye ua la muhogo wako itatengeneza zile mbegu ndogo zinazopasuka na kuanguka, na kama hukuziokota ukazipanda, basi imeishia hapo, vipando vyako vinabaki vile vile. Juu ya hayo, muhogo wa uhandisi jeni, yaani uliopandikizwa jeni maabara, haulimwi Zanzibar. Bara walijaribu mahindi tu kwenye shamba la majaribio Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na serikali ikaja ikasimamisha. Kenya ndo wameidhinisha mwaka 2021 muhogo wa uhandisi jeni unaopambana na huu ugonjwa wako wa michirizi ya kahawia, na hata huo haukutumia jeni ya muhogo wa mkulima, waliweka kipande cha kirusi chenyewe kinacholeta ugonjwa huo ili mmea ukitambue na kukikatakata kikija. Kwahiyo mtu anaetaka kutengeneza muhogo usiooza si lazima ahitaji wako, ana njia nyengine. Nakwambia hili ili usije ukadai mamilioni ukavunjika moyo.

Sasa mwanao, anaesema uwahi. Mwambie fikra yake ni nzuri lakini chombo sicho. Wewe umeona na umetunza, hukutengeneza, na patenti inataka kutengeneza. Chombo chako kinaitwa haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Bara wana sheria yao ya 2012, Zanzibar tuna yetu ya 2014, na baada ya zote mbili kupita ndo Tanzania ikaingia UPOV, jumuiya ya kimataifa ya mambo haya, mwaka 2015. Uzuri wa mfumo ule, mgunduzi kwao sio mwenye maabara peke yake, ni yule "alozalisha, au aloona na akaendeleza" aina. Kuona peke yake hakutoshi, lakini wewe ulikata vipando, ukavitenga, ukavipanda tena misimu minne ukiangalia kama sifa inabaki. Hiyo ni kuendeleza, na mtu akidharau kazi hiyo hajui kazi.

Masharti yake ni manne. Iwe tofauti na kila aina inayojulikana, mashina yake yafanane, sifa zisibadilike ukipanda tena na tena, na iwe mpya. Kufanana na kutobadilika muhogo unakusaidia kwa sababu ya zile pingili. Upya ndo penye mwiba. Upya hapa una maana ya biashara: vipando visiwe vimeuzwa au kutolewa kwa ajili ya biashara ndani ya nchi kwa ridhaa yako zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Wewe uliuza mizigo kumi mwaka jana. Mwezi gani? Kaa chini na mumeo mkumbuke, muwaulize walonunua, mana mwezi mmoja unaweza kufunga au kufungua mlango. Ulivowapa majirani bure wapande wale na watoto, hilo linajadilika na sio lazima likuharibie, lakini usiuze tena hata mzigo mmoja mpaka uamue. Haki ukiipata, UPOV inataka idumu isipungue miaka 20, na ina jambo moja zuri kwa kesi yako: mtu akichukua aina yako iliyolindwa akaiingizia jeni moja tu kwa uhandisi na mengine yote yakabaki ya kwako, hiyo inahesabiwa imetokana na yako, hauzi bila ya ruhusa yako. Majirani kupanda kwa kula hawaguswi. Watafiti kuutumia kuzalishia aina nyengine pia hawaguswi, hilo lijue mapema.

Kabla hujakimbilia huko kuna jambo la kuuma ambalo lazima nikwambie. Huenda muhogo wako sio mpya. Mwaka 2007 Zanzibar ilitoa aina nne zinazohimili magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, zikaitwa Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, na tangu hapo vipando vimetembea mkono kwa mkono, harusini, msibani, kwa shangazi, mtu anapewa fimbo mbili anachomeka pembeni ya shamba anasahau. Shina lako lilikuwa pembeni, karibu na mkarafuu. Mimi nimefika kwenye shamba moja Unguja, mzee ana uhakika kabisa muhogo wake ni wa babu yake, tukaweka majani yake na ya Kizimbani pamoja juu ya mkeka, tukatazama rangi ya kikonyo, umbo la ncha ya jani, kovu la jani kwenye shina, na yeye mwenyewe ndo alosema kwa sauti ya chini, "huyu ni yule yule". Inaweza pia kuwa ni wa zamani zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936, na watafiti wa pale waliuzalisha muhogo pamoja na ndugu yake mti wa mpira, wakapata aina zenye uhimilivu kama Namikonga, ambayo watu wa pwani ya Kenya wanaijua kwa jina la Kaleso. Damu ya kazi ile imesambaa pwani yote. Na inawezekana kabisa kuwa ni mbegu ilodondoka ikaota yenyewe, yako peke yako. Jicho halitoshi, na hapa kijana wako ana faida, mana kipimo cha vinasaba kikilinganishwa na aina zilizosajiliwa ndo kitakachokwambia.

Na kuna faida ya pili. Kutooza kuna namna mbili. Kuna mmea unaokikataa kirusi kisiingie kikazaana, na kuna mmea unaokibeba kimya kimya bila ya kuumwa. Wa pili ukimpa jirani, unampa na ugonjwa, nzi weupe wananyonya pale wanapeleka kwenye muhogo wake unaooza, na atasema muhogo wako ndo ulomletea. Mizizi mieupe haikwambii upo upande upi. Kipimo cha kirusi kinakwambia. Kwahiyo kumfukuza kijana moja kwa moja nisingekushauri, hata kama mumeo ana haki ya kuogopa.

Tuje kwenye karatasi. Kwanza iandikwe Kiswahili, na nakala yenye saini zote mbili ibaki kwako. Kusaini lugha usioisoma ni kutoa kitu usichokijua. Itaje taasisi kwa jina na sio "mradi" tu, itaje vipando vingapi, majani mangapi, yamechukuliwa wapi na lini na kwa nani. Itaje watafanya nini: kupima tu, au kuzalishia, au uhandisi jeni, na kama watataka kufanya zaidi ya walichoandika warudi kuomba upya. Itaje kama wanaruhusiwa kumpa mtu wa tatu, na mimi ningeandika hapana bila ya idhini yako kwa maandishi. Isiwepo sentensi inayosema unahamisha "haki zote" au unaachia madai "ya sasa na ya baadae", hiyo ukiiona kalamu weka chini. Iseme kwamba hawataomba hataza wala haki ya ugunduzi juu ya muhogo kama walivoupokea au sehemu zake, na wakitengeneza kitu kutokana nao watataja ulikotoka na mtakaa mgawane kwa makubaliano. Matokeo ya vipimo wakuletee.

Na lipo jengine ambalo karatasi nyingi za zamani zinalisahau. Siku hizi mtu akishalisoma jani kwenye mashine, maandishi ya vinasaba yanakaa kwenye kompyuta, na mwenye maabara upande wa pili wa dunia anaweza kuitengeneza ile jeni herufi kwa herufi bila ya kugusa kipando chako. Kwahiyo karatasi itaje data pia, itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na ikiwekwa hadharani itajwe imetoka Pemba, Zanzibar. Kijana akikwambia haya ni mengi, mwambie hukuyabuni wewe. Itifaki ya Nagoya, ambayo Tanzania imo, inataka idhini kabla ya kuchukua na makubaliano ya kugawana faida. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo, ambao muhogo umo kwenye orodha yake, unamkataza anaepokea mbegu kwenye mfumo wake asidai haki miliki itakayozuia wengine kuipata kama alivoipokea. Na Mei 2024 kule Geneva nchi zilipitisha mkataba mpya wa WIPO, shirika la dunia la haki miliki, unaotaka anaeomba patenti inayotegemea rasilimali za vinasaba aseme amezitoa nchi gani. Mtafiti mkweli anayajua na hatokasirika. Anaekasirika kwa kuulizwa, dada yangu, umeshapata jibu lako.

Ningekuwa wewe ningefanyaje? Haki ya ugunduzi ina ada, ina majaribio ya shambani ya kulinganisha, ina mtu wa kuandika maelezo, na baadae ukiipata kumfuata anaeivunja ni kazi yako sio ya serikali. Kwa mkulima mmoja wa muhogo wa kula sidhani kama fedha itarudi, nakwambia kwa moyo mweupe. Njia ninayoiona bora ni kupitia Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, ZARI, makao yao Kizimbani na kwa Pemba una kituo cha Matangatuani, uwapelekee wauangalie kwanza wao. Ukiwa ni Kizimbani au Machui, utakuwa umejua, na utaendelea kuwapa watu bila ya wasiwasi. Ukiwa ni mpya, mnaweza kuomba kwa pamoja, wao wabebe gharama na majaribio, wewe utajwe kama alouona na kuuendeleza, na jina la aina ulichague wewe, mkiandikiana mapema. Hasara yake ni kwamba uamuzi hautakuwa wako peke yako, na ofisi zina mwendo wake. Ukiamua usisajili chochote ubaki unagawa, hiyo pia ni njia halali na ina kinga yake, mana kitu kilichojulikana hadharani na kuandikwa hakuna anaeweza kukidai ni kipya, kama ilivokuwa kwa maharage ya Mexico.

Lakini kinga hiyo inataka maandishi. Kwahiyo wiki hii, kabla ya yote, piga picha shina, majani mawili matatu juu ya kitambaa cheupe, na muhogo ulokatwa katikati, simu iweke tarehe. Andika kwenye daftari la watoto wa skuli: ulilichimba lini, mizizi mingapi, ulipanda vipando vingapi kila msimu, ulimpa nani, ulimuuzia nani na kwa mwezi gani. Nenda kwa sheha aisome na aigonge muhuri kwa tarehe ya siku hiyo. Alafu karatasi ya kijana ipeleke kwa mwanasheria kabla ya kusaini, na kama fedha hakuna, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana ofisi Chake Chake na hii ni kazi yao. Kwa internet mimi siwezi kukusomea mkataba nisiouona, na hili ni la kukaa na mtu uso kwa uso na karatasi ipo mezani. Haki ya ugunduzi ukitaka kuiulizia, anza wizara inayoshughulikia kilimo, ofisi yao ya Weni sio mbali na wewe.

Kijana akirudi na karatasi ikiwa imekaa sawa, mkatie mwenyewe, usimuachie akate. Chagua shina lililokomaa, ulochimba mizizi yake siku hiyo hiyo mbele yake na kuikata yote, muione nyote wawili mieupe, na kila kipando kimoja unachompa kata chengine cha shina lile lile ukipande kwako mstari wa peke yake wenye kibao na tarehe, ili siku yoyote mtu akiuliza alichukua kipi, uwe nacho kinaota.